Kwa Binti Anayeogopa Kitanda Chake

Binti yangu, kwenye kicheni pati za hapa Tunduma tunakesha tukikufundisha kukata kiuno, kumkanda mume na kumwandalia maji ya kuoga. Lisilosemwa ni kwamba mara nyingine bibi harusi anayetabasamu chini ya mtandio alishabakwa. Pengine alikuwa amedamka kwenda kutafuta maji, pengine ni ndugu wa nyumbani kwao, pengine ilikuwa kwenye gesti mojawapo ya hizi zilizojipanga barabara ya kwenda Zambia. Hajamwambia mtu. Mwanamume akimgusa bega kwa nyuma, moyo unamwenda mbio. Nasi bila kujua tunamwambia, "Mumeo usimnyime."

Nimewafunda mabinti wa Kinyamwanga, wa Kinyiha, hata wa ng'ambo ya Nakonde, maana mpaka huu haujawahi kuzuia watu kuoana. Usia huo wa "mumeo usimnyime" mimi siutoi.

Nianze na mwili, kwa sababu ndio unaosingiziwa. Utasikia binti anasema, "Shangazi, sikupiga kelele, labda nilitaka." Hapana. Mtu akivamiwa, mwili wake hupigana, hukimbia au huganda, wala haukuulizi unataka lipi. Aliyeganda hakukubali. Wapo pia waliohisi mwili ukiitikia wakati ule wa unyama, na hao ndio wenye aibu nzito kuliko wote, hawaisemi hata kwa padri. Ukimenya kitunguu machozi hutoka, na hakuna aliyekufia. Ngozi na mishipa hufanya kazi yake. Kutaka ni jambo jingine.

Baadaye hamu hupita njia nyingi. Wengine inakauka: uke unajibana, tendo linauma, mume anadhani kuna mwanamume mwingine. Wengine wanalala na huyu na yule bila kufurahia, kana kwamba wakitangulia kutoa wenyewe hakuna atakayewanyang'anya tena. Huyu wa pili mtaa unamwita malaya. Wa kwanza anaambiwa ana jini mahaba, anapelekwa kwenye mkesha kuwekewa mikono na wanaume asiowajua, na kuguswa na wanaume asiowajua ndiko hasa kunakomtesa. Mimi ni mtu wa kanisa, sina ugomvi na maombi. Ila aulizwe kwanza kama anataka kuguswa.

Naijua nyumba moja. Mume ni dereva wa malori ya Lubumbashi. Foleni ya mpakani ikimkamata, anafika nyumbani saa nane usiku. Kwa huruma yake alikuwa anaingia kimyakimya asimwamshe mkewe, anajilaza nyuma yake, anapitisha mkono. Mke anaruka mpaka ukutani, jasho linamtoka, halafu anaomba msamaha. Kesho yake anajilazimisha ili bwana asinune. Ndoa ilikwenda hivyo hadi mke alipochoka akaja kwangu.

Sikumtuma akamsimulie mumewe yote. Habari ya kilichokupata ni mali yako. Unamwambia unayetaka, kwa kiasi unachotaka, siku unayotaka. Ila mume anahitaji kujua afanye nini. Kwa hiyo mke akampa masharti. Ukifika, piga simu ukiwa getini. Washa taa. Oga, hiyo harufu ya dizeli iishie bafuni. Kaa kwenye kiti mpaka nikuite. Usinishike kwa nyuma. Tendo tuliweke kando kwanza, na nikisema acha, unaacha hapohapo, hununi, huulizi kwa nini.

Mwanamume alikubali, ingawa nadhani mwanzoni aliona ni mambo ya wazee wa kike. Wakaanza na kushikana mikono tu, mke ndiye anayeuongoza mkono wa mume. Usiku mmoja mambo yakaenda mbele kidogo, mke akasema acha. Bwana akaacha. Akanyanyuka, akaenda jikoni kuchemsha chai, akaja na vikombe viwili, wakanywa wakizungumzia bei ya mchele wa Kamsamba. Mke aliniambia, huku akicheka kwa haya, kwamba ni wakati wa chai ile ndipo alipoanza kumtamani mumewe.

Hapana yake ilikuwa imesikilizwa, basi ndiyo yake ikapata mahali pa kutokea. Ukiwa huna ruhusa ya kukataa, hata unapokubali hujui kama ni wewe unayekubali.

Na usingoje mwanamume akutambulishe mwili wako. Ukiwa peke yako, mlango umefungwa kwa komeo, oga polepole, jipake mafuta, ujue wapi panakupendeza na wapi bado pana hofu. Hakuna dhambi katika kujijua.

Sheria inasaidia mpaka mahali fulani. Ile ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, ilipokaa hapo Mbeya, ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kwa hiyo fomu ya polisi ya PF3 ina kazi yake, lakini maneno yako nayo ni ushahidi, mwanangu, usiyadharau. Hata hivyo sheria yetu haimhesabu kuwa mbakaji mume anayemlazimisha mke ambaye hawajatengana. Hapo imetuangusha, na ndiyo maana nasema chumba chenu kiwe na sheria yake, mliyoitunga wawili.

Halafu kuna pesa. Kule Bukavu, Kongo, katika hospitali ya Panzi aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, yule aliyepata Nobel ya Amani 2018, wanawake waliobakwa vitani hawashonwi tu wakaachwa. Wanapata mtu wa kuzungumza naye, mwanasheria, na kazi ya kujifunza ili wajitegemee. Hilo la mwisho lina maana hata kwetu. Ukiwa unategemea mkono wa mtu kwa kila kilo ya unga, hapana yako inakuwa nyepesi sana. Uza mchele, badilisha kwacha, fungua genge, lakini uwe na chako.

Ukibakwa leo, usianze na kuoga wala kufua nguo. Nenda hospitali mapema: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28, za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Ukifika polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Haya nawaambia pia vijana wa kiume, hasa utingo mnaolala chini ya malori na kwenye gesti za watu. Nanyi mnabakwa, na mnanyamaza zaidi kuliko dada zenu kwa kuogopa kuambiwa si wanaume. Dawa za kuzuia VVU ni zilezile na saa ni zilezile. Mlango wangu hauchagui; ukija nitakuwekea kiti nje, kwenye mwanga, tuzungumze.