Mtu wa Chini ya Kikapu

Kuna video mbili za mpira wa vikapu ambazo nimezitazama kuliko bando langu linavyoruhusu. Zote ni za fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, yale mashindano ya kila Machi ambayo ukipoteza mechi moja unaenda nyumbani. Zimepishana miaka 10. Katika kila moja kuna kijana anayekosea mechi ikielekea kuisha. Mmoja hadi leo anapigiwa makofi. Mwingine hadi leo anachekwa.

Ya kwanza ni ya tarehe 4 Aprili 1983, mjini Albuquerque. North Carolina State wanacheza na Houston, na ni wachache waliowapa nafasi. Houston wana Clyde Drexler, na pale katikati Mnigeria mmoja mrefu, Hakeem Olajuwon. Lakini sekunde za mwisho zinafika na ni 52-52. Dereck Whittenburg anaponea kupokonywa mpira, anaudaka tena akiwa mbali na kikapu, anarusha tu. Unaona kabisa kwamba haufiki. Lakini Lorenzo Charles yuko pale chini; anaudaka hewani na kuubamiza ndani. 54-52, kwisha maneno. Kocha Jim Valvano anakimbia uwanjani akitafuta mtu wa kukumbatia.

Ya pili ni ya tarehe 5 Aprili 1993, New Orleans. Michigan wako nyuma 73-71 dhidi ya North Carolina. Chris Webber anaupeleka mpira hadi pembeni, mbele ya benchi lake mwenyewe. Wapinzani wawili wanambana. Zimebaki sekunde 11. Anaonyesha kwa mikono kwamba anaomba mapumziko. Shida ni moja: Michigan walikuwa wameshamaliza mapumziko yao yote. Kuomba kitu ambacho huna ni faulo ya kiufundi, kwa hivyo North Carolina wakapewa mitupo huru na mpira juu yake. Ikaisha 77-71. Usiku huo Webber alikuwa amefunga pointi 23 na kunyakua ribaundi 11. Nani anakumbuka hizo?

Sasa, nani alikosea zaidi? Utaniambia Webber, kwa sababu timu yake ilipoteza. Lakini hayo ni matokeo, si kosa. Webber alisahau hesabu akiwa amebanwa na watu wawili. Whittenburg alirusha mpira usiofika katika mtupo wa mwisho wa fainali. Simamisha video kabla Charles hajaruka, utaona vijana wawili wenye wasiwasi, walioishiwa na muda, wakifanya kitu kibovu. Kinachowatofautisha hakiko ndani yao. Kiko chini ya kikapu.

Whittenburg mwenyewe amezoea kutania kwamba ile ilikuwa pasi. Nacheka kila nikisikia, lakini ndani ya huo utani kuna ukweli unaouma: ukishinda, kosa lako linapewa jina jipya.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliliandikia jambo hili chini ya jina linaloweza kuitwa bahati ya kimaadili. Mfano wa dereva ndio maarufu zaidi, na huku kwetu hauhitaji hata maelezo. Madereva wawili wa matatu wanatoka steji moja asubuhi moja, wote hawajakagua breki. Mmoja anafika salama na kunywa chai yake. Mwingine, mtoto anavuka barabara. Uzembe ni ule ule, ila mmoja tutamwita muuaji na mwingine tutampa nauli kesho.

Kuna watakaosema: basi hakuna mtu wa kulaumiwa, kila kitu ni bahati. Hapana, bana. Webber alipaswa kujua idadi ya mapumziko. Dereva alipaswa kukagua breki. Naona kuna maswali mawili hapa, nasi tunayachanganya. Moja ni: nibebe nini kwa nililofanya? Lingine ni: nimbebeshe mwenzangu nini? Dereva yule akilia maisha yake yote, sitamwambia anakosea; ningemwogopa kama asingelia. Lakini mimi, ambaye wiki iliyopita nilivuka nikiwa nimekodolea simu na nikapona, nina haki gani ya kumwona kiumbe tofauti na mimi?

Hata madaftari hayasaidii. Baada ya uchunguzi kuhusu fedha walizopewa wachezaji, Webber akiwemo, matokeo ya Michigan ya msimu ule yalifutwa na mabango yakashushwa. Kwenye rekodi, ni kama hawakufika fainali. Lakini yale mapumziko yasiyokuwepo bado yapo. Ushindi unafutika, aibu haifutiki.

Naandika haya nikiwa na sababu yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa na rafiki tuliyekuwa tukikosa madarasa pamoja, tukachelewesha karo pamoja, tukaambiwa siku moja kwamba hatutafanya mtihani. Yeye mjomba wake alituma pesa jioni ile ile. Mwaka uliofuata alivaa joho. Nyumbani wanamtaja kama kijana aliyejikaza. Mimi ndiye niliyecheza na maisha. Sibishi, nilicheza kweli. Ila tulicheza wawili.

Mwezi uliopita, kwa shangazi, habari ikaja kwamba binamu yangu mdogo amekwama na karo. Shangazi akasema alivyokuwa akitarajiwa kusema: huyo naye, angekuwa makini hangefika hapo. Nikafungua mdomo nimwambie kuhusu Albuquerque, kuhusu mpira usiofika. Nikaona nitaonekana mwendawazimu.

Nikatoka nje, nikaangalia M-Pesa yangu. Haikuwa na kitu cha maana, elfu mbili na kitu. Nikamtumia elfu mbili. Haziwezi kumaliza deni lake, wala hazisemi kwamba hakukosea. Huenda alikosea. Nilituma tu kwa sababu mpira ulikuwa hewani, na mimi nilikuwa karibu.