Mgonjwa Asikose Mtu



Mwinjili Yohane, katika sura ya tano, atusimulia habari za mtu aliyelala kando ya birika mjini Yerusalemu, mgonjwa wa miaka 38. Bwana Wetu alipomwuliza kama ataka kupona, mtu yule hakuulalamikia ugonjwa wake. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba hana mtu wa kumtia majini. Dawa ilikuwa karibu. Aliyekosekana ni jirani.

Habari hiyo yatuhusu sisi wa Msamala. Katika mitaa yetu wamo watu waliokwisha kupimwa, wakaambiwa na daktari kwamba yawapasa kupasuliwa, wakapewa tarehe, wakarudi nyumbani kungoja. Huyu ana ngiri, yule ana uvimbe wa kizazi, mzee fulani anasumbuliwa na tezi dume. Hospitali haziko mbali: ile ya Mkoa i hapa Songea mjini, na ile ya Mtakatifu Yosefu i Peramiho, mwendo wa kilomita 24 hivi. Birika lipo. Je, mtu yupo?

Mtu akipatwa na ajali usiku, mtaa mzima hukimbia. Lakini huyu angojaye bado atembea, bado aitikia salamu, kwa hiyo twamsahau. Hatujui kwamba usiku halali. Auogopa usingizi wa dawa, awafikiria watoto, alifikiria shamba na gharama. Mwishowe huiacha tarehe ipite. Na ngiri haimngoji mtu: utumbo ukinaswa na damu ikizuiwa, jambo lililopangwa kwa utulivu hugeuka kuwa la kufa na kupona kwa saa chache.

Nasi twamwambia: Subira yavuta heri. Methali ni ya kweli. Lakini jirani aisemaye huku amekunja mikono amwongezea mgonjwa mzigo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tutoe damu, maana damu ya binadamu haitengenezwi kiwandani. Mwenye afya njema, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Pili, tuishike nyumba yake: watoto wale, palizi isilale, mtu aandamane naye hospitalini na kumngoja mlangoni. Tatu, huruma yetu iwe na akili. Daktari akisema mgonjwa asile, tusimpenyezee uji alfajiri kwa kumwonea huruma. Maana akilazwa usingizi wa dawa, chakula chaweza kupanda na kuingia mapafuni, naye akafa. Vivyo hivyo asiyafiche madawa ya miti shamba anayokunywa. Amwambie daktari yote.

Nne, aitwe padre. Wengi wangali wauogopa Mpako wa Wagonjwa kana kwamba ni tarishi wa kaburi. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Na Kanisa laruhusu itolewe kabla ya kupasuliwa, ikiwa ugonjwa wenyewe ni wa hatari. Sisi mapadre nasi tujilaumu: mara nyingi twawahi mazishini kuliko kitandani pa mgonjwa.

Mwinjili Marko asimulia juu ya watu wanne waliotoboa dari ili kumshusha mwenzao aliyepooza mbele ya Yesu. Naye Bwana, asema Mwinjili, aliitazama imani yao, yaani pamoja na imani ya wale wachukuzi. Basi mtakapokutana katika jumuiya zenu, kabla ya kufunga sala, mwenyekiti aulize: Ni nani kati yetu angojaye tarehe? Na jina likitajwa, watu wanne wasimame.