Mpita Njia Hana Tiketi

Hapa Kigwa, kwenye njia ya zamani ya misafara ya Tabora, njia ni ya kila mtu. Labda ndiyo sababu nikiwaza mkasa wa Shoreham, Uingereza, simfikirii kwanza rubani. Tarehe 22 Agosti 2015, katika maonyesho ya ndege, jeti kuukuu ya kivita aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake angani, ikaangukia barabara kuu ya A27. Walikufa wanaume 11, wote nje ya uwanja.

Aliyekata tiketi tunaweza kusema aliikubali hatari (ingawa sidhani kama tiketi husomwa hivyo). Je, yule aliyekuwa safarini, nani alimwuliza?

Mara baada ya ajali mamlaka ya anga ilizizuia jeti kuukuu kufanya sarakasi juu ya nchi kavu. Zikaruhusiwa kupita tu. Burudani ikapungua, sikatai, nami ni mpenzi wa ndege. Lakini nikubali ipungue kwa ajili ya mtu nisiyemjua? Msomaji, usinijibu ukiwa jukwaani. Nijibu ukiwa ndani ya gari, umesimama kwenye taa za barabarani, ukisikia ngurumo juu.