Bei ya Kigango: Soko na Umilikaji wa Sanaa
Je, bei yaweza kuhalalisha umilikaji wa kazi ya sanaa? Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hulipa kiingilio, huvaa kaniki, wala haruhusiwi kuondoka na hata kijiti. Fedha yake hununua ruhusa ya kuona tu. Vigango vya Wagiriama, ndugu wa Wadigo katika Mijikenda, havikupewa heshima hiyo. Nguzo hizi za kuwakumbuka wazee wa Gohu ziliuzwa Marekani kama sanamu tu. Jina la marehemu lilipotea, na kutojulikana huko kukawa sehemu ya mvuto wa bidhaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kwa wenyewe mwaka 2007. Hivyo basi, soko hupima umbo. Wajibu wa walio hai kwa wafu wao haliwezi kuupima.