Mbwa Mzoefu Aliyeshika Nyayo Kinyume



Neno letu la mwezi huu latoka Wagalatia 6:1. Hapo mtume Paulo awaagiza Wakristo kwamba mwenzao akionekana ameteleza, wale wanaoongozwa na Roho wamtengeneze tena, nao waifanye kazi hiyo kwa upole, kila mmoja akijichunga mwenyewe. Wengi hudhani ya kuwa neno hili lahusu wanafunzi wa ubatizo, au vijana wa kipaimara, au mlevi aliyerudi kanisani juzi. Sisi leo twataka kulisoma kwa habari ya watu wengine: wazee wa kanisa, wainjilisti, viongozi wa jumuiya, watu waliotembea na Bwana miaka 20 au 30. Maana kumrudisha mgeni ni kazi, lakini kumrudisha mzoefu ni kazi mara mbili. Nasi ili tuione vema kazi hiyo, twawaomba wasomaji wafuatane nasi kidogo mpaka porini, kwa mbwa wa kuwinda.

Msishangae. Twajua ya kuwa mbwa hana sifa njema katika Maandiko, wala katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni, ambako majirani wengi wamhesabu kuwa najisi, naye hutafuta riziki yake jalalani. Lakini Martin Luther alifuga mbwa nyumbani kwake Wittenberg, jina lake Tölpel. Siku moja alimwona ameikazia macho nyama iliyoko mkononi mwa mtu, asiwaze neno jingine lolote; naye Luther akatamani aweze kusali kwa moyo uliokazwa namna ile. Ikiwa mwalimu wetu alikubali kufundishwa na mbwa, nasi tusione haya.

Wazee wetu waliotoka Uzaramo, pande za Kisarawe na Maneromango, ambako misheni ya Berlin ilifika katika miaka ya 1890, wajua vizuri habari za nguruwe mwitu na shamba la mihogo. Mtu hulala akiwa na chakula cha watoto wake ardhini, akaamka akakuta mashimo. Kwa sababu hiyo watu walifuga mbwa wa kunusa nyayo. (Twaongeza hapa, mtu asije akasema tumewatuma watu porini, ya kwamba leo hakuna ruhusa ya kuwinda pasipo kibali, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi.) Mbwa mchanga akikosea hapati wa kumfuata, kwa kuwa wote wajua bado hajui. Bali mbwa mzoefu akibweka, mbwa wengine huacha walichokuwa wakinusa wakamkimbilia, na watu nao huinua mikuki yao. Hapo ndipo ilipo hatari.

Wako wawindaji wa Marekani walioichunguza habari hii sana kuliko wengine, maana wao huwinda usiku. Humfuata mnyama aitwaye rakuni, ambaye kwetu hayupo. Kimo chake karibu na cha fungo, usoni ana weusi kama kitambaa kilichofungwa machoni, na mkia wake una pete. Akifukuzwa hupanda mtini. Mbwa hutangulia gizani, bwana wake hubaki nyuma akisikiliza, na kwa sauti peke yake ajua kama mbwa ameokota harufu, au aifuata, au amefika penye mti. Basi fikirini, ndugu: yule bwana haoni kitu. Apita katika vichaka na vijito kwa kuiamini sauti tu. Mbwa huyo akiharibika, hapotei peke yake.

Makosa wayatajayo ni mengi. Yuko mbwa abwekaye pasipo harufu, kwa kuwa apenda kuisikia sauti yake mwenyewe. Yuko aachaye rakuni akamkimbilia paa, kwa kuwa mbio za paa zafurahisha zaidi. Yuko asiyenusa lolote, bali huenda palipo na kelele. Na juu ya huyu hatuna haja ya maneno mengi, maana katika vitongoji vyetu mafuta ya upako na maji ya chupa yauzwa kila njia panda, na mtu aliyebatizwa miaka 30 iliyopita akisikia vipaza sauti ng'ambo ya barabara huondoka mbio, wala hainamishi pua.

Yuko pia abwekaye penye mti mtupu. Rakuni ni mjanja. Hupanda mti, kisha hushuka upande wa pili akaenda zake. Mbwa mwenye akili huuzunguka mti kwanza, akanusa pande zote, ndipo abweke. Lakini mbwa aliyezoea kusifiwa kila afikapo penye mti hana subira ya kuzunguka. Hivyo ndivyo alivyo mzee yule ambaye katika kila baraza husimama na kusema, zamani sisi tulifanya hivi. Yamkini kweli Bwana aliwabariki hapo zamani, na alama za kucha zipo ganda zima. Swali ni kama ameuzunguka mti.

Lakini kosa lililo zito kuliko yote ni la mbwa afuataye nyayo kinyume. Harufu ni ile ile ya mnyama yule yule. Mbwa hakudanganyika juu ya hilo. Tena pua yake ni nzima na bidii anayo. Ila aifuata kuelekea kule mnyama alikotoka, badala ya kule aendako, na kila hatua aipigayo yamtenga na anachokitafuta. Mwaka 1993 wataalamu wa Norway waliwapima mbwa waliofundishwa kufuata nyayo za watu. Waliona ya kuwa mbwa akiikuta njia, kwanza hupunguza mwendo na kunusa kwa muda mrefu zaidi, naye hutambua upande upi ni sawa kwa kunusa nyayo mbili mpaka tano tu. Ni kazi ya sekunde chache. Mbwa asiyezitoa sekunde hizo aweza kukimbia usiku kucha, akabweka vizuri, asipate kitu.

Someni Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, na papo hapo wakashika nyayo kinyume: wakataka kujua ni dhambi ya nani iliyomleta hapo, yake au ya wazazi wake. Nao hawakuwa wageni; walikuwa wamefuatana na Bwana siku nyingi. Yeye hakuifuata njia hiyo hata hatua moja. Aliwageuza waitazame kazi ambayo Mungu alikuwa karibu kuifanya kwa mtu yule, kisha akatema mate, akafanya tope.

Sasa twaja kwetu. Twamjua mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Temeke, ambaye kwa miaka mingi aliwatembelea wagonjwa kuliko mtu ye yote. Mvua ikinyesha, yeye alikwenda. Barabara ikiwa tope mpaka magotini, alikwenda. Watu walimpenda, nao walikuwa na haki. Lakini kidogo kidogo, akiisha kusali, akaanza kuuliza maswali. Ugonjwa ulianza siku gani? Ni nani aliyefika hapa kabla yake? Alileta nini? Je, mligombana na jirani? Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja ya kumtaja, maana waliokaa chumbani waliyajaza wenyewe majibu yake. Katika uchochoro ule alikaa bibi mmoja mjane, mwenye kuuza mkaa kwa kopo, naye ni mshirika wa meza ile ile ya Bwana. Watoto wakakatazwa kumwamkia. Wanunuzi wa mkaa wakapungua. Mwisho bibi akaacha kuja kanisani, wala hapakuwa na mtu aliyekwenda kumwuliza sababu.

Katika nchi yetu bibi vikongwe wameuawa kwa neno kama hilo. Mtu asiseme basi ya kuwa ni jambo dogo la wazee wawili wa uswahilini.

Tena yafaa kuuliza: mbwa huyu aliharibiwa na nani? Wawindaji wenye kusema kweli hujibu kwamba mara nyingi ni bwana wake. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu ya Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya hulipwa chakula, kama ndizi. Na walimu wao wajihadhari sana wasimlipe alipokosea. Hata panya mzoefu hupimwa mara kwa mara kwa vitu ambavyo mwalimu ajua jibu lake. Maana akipewa ndizi kwa kosa, kesho ataleta kosa hilo tena, kwa moyo mkunjufu, akidhani ndiyo kazi yake.

Sisi tulimlipa mzee yule kwa nini? Alipouliza maswali yake, watu walisogeza viti. Waliitikia kwa kuguna. Walisema, mzee huyu ana jicho. Alipokuwa akisoma Zaburi tu na kumwuliza mgonjwa amelalaje, hapakuwa na aliyemsifu. Usharika wote ulikuwa na ndizi mkononi.

Basi atengenezwe namna gani? Wako wasemao, mwacheni, ni mtu mzima, ana heshima yake. Na kwa staha yao wamwacha bibi wa mkaa peke yake. Wengine husema, aondolewe, jina lake likatwe. Hivyo ndivyo afanyavyo mwindaji mwenye hasira amtupaye mbwa wake njiani. Na mbwa aliyetupwa hasahau kubweka, hubweka mahali pengine. Mzee aliyefukuzwa Jumapili hii, Jumapili ijayo aweza kuwa nabii katika turubai la jirani, na maswali yake yale yale.

Mfundishaji mwema hufanya tofauti. Humtoa mbwa katika kundi, amchukue peke yake, maana mbele ya wenzake atashindana tu. Humfunga kamba tena, ingawa ni mzee. Humrudisha katika somo la kwanza kabisa, njia fupi, mbichi, ambayo bwana mwenyewe ajua ilikoanza na iendako. Akigeuka kinyume, kamba humzuia papo hapo. Hapigwi jioni kwa kosa la asubuhi, kwa kuwa mbwa hawezi kuviunganisha viwili hivyo, hujifunza tu kumwogopa bwana wake. Na akifika mwisho ulio sawa, hapo ndipo apewapo chakula. Kazi hii huchukua majuma mengi.

Mtu asidhani kwamba kurudishwa katika somo la kwanza ni aibu. Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa, Luther, aliyekuwa daktari wa Maandiko, aeleza ya kuwa yeye mwenyewe hujifunza Katekisimo kila siku kama mtoto. Na neno lile la Kiyunani ambalo Paulo alitumia kwa kumtengeneza aliyeteleza ndilo litumiwalo katika Injili kwa habari ya Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Wavuvi wa Kunduchi wajua maana yake. Wavu uliochanika hautupwi baharini wala haupigwi fimbo. Mtu hukaa chini mchangani, akatafuta tundu kwa vidole.

Lakini ndugu mmoja atatuuliza: mbona katika waraka huo huo, sura ya 2, Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote? Swali jema. Petro alikuwa mzoefu kuliko wote, naye kule Antiokia aliacha kula pamoja na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wageni waliofika. Tazama matokeo: Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Kundi zima lilikuwa limekwisha kugeuka, na meza imegawanyika hadharani; kwa hiyo kamba ilivutwa hadharani. Palipo na mtu wa tatu anayeumia machoni pa wote, kunong'ona peke yake hakutoshi. Hata hivyo Paulo hakudai Petro avuliwe utume. Alimgeuza tu upande ulio sawa.

Kwa mzee wetu ilikuwa hivi. Mchungaji alimwendea jioni pamoja na wazee wawili, wakaongea mpaka usiku. Alikasirika, na kwa majuma mawili hakuonekana. Aliporudi walimpa kazi ya kufuatana na shemasi kijana kwenda hospitali, asome Zaburi, asali, atoke. Asiulize neno ila mgonjwa amelalaje. Na kwa kuwa bibi aliumizwa mbele ya watu, mchungaji aliwaambia washirika wa jumuiya ile wazi, na mzee akiwapo, ya kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kunusa wachawi katika kanisa la Kristo, na kwamba wote waliosogeza viti wana deni kwa bibi huyo.

Tangu hapo kila Ijumaa mzee huenda kwa bibi kununua mkaa. Ijumaa ya kwanza mlango haukufunguliwa. Ya pili bibi alisimama kizingitini, akapima mkaa, akapokea fedha, asiseme neno. Ya tatu alitoa kigoda. Kanisani hajarudi bado. Na mzee naye bado hajarudishiwa kazi ya kutembelea nyumba peke yake, wala hajaiomba.