Umejuaje?



Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima Kanisa linatusomea habari ya Suzana (Dan 13). Wazee wawili, tena waamuzi, wanamsingizia uzinzi. Watu wanaamini papo hapo, kwa sababu waliosema ni wazee. Hukumu ni kifo. Ndipo kijana Danieli anawatenganisha na kumuuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Majibu hayalingani. Suzana anapona.

Sasa sikieni ya hapa jirani, Uganda. Mwaka 1981 Edmary Mpagi, kijana wa Masaka, alikamatwa pamoja na binamu yake. Mwaka 1982 wote wawili wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtu. Mashahidi walikuwepo. Kumbe huyo "marehemu" yu hai, anapumua kama mimi na wewe! Binamu alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi alikaa Luzira zaidi ya miaka 18, kila siku akingoja kamba, mpaka alipoachiwa mwaka 2000.

Jamani, Danieli alihitaji swali moja tu. Swali la namna hiyo lilipokosekana, gharama yake ikawa miaka 18 na uhai wa mtu.

Nasi je? Kahawa ikipotea kwenye kichanja huku Mbinga, jina la mtu linatajwa kabla jua halijazama. Mtoto akifa ghafla, bibi fulani anaitwa mchawi, iwe Ngaka au Mbamba Bay. Unapokea ujumbe kwenye simu, unawatumia na wengine. Hujaona kitu, lakini umeshakuwa shahidi.

Kwenye falsafa kuna swali tunalirudia mpaka linachosha: umejuaje? Umeona au umeambiwa? Aliyekuambia, naye alijuaje? Kuishika amri ya nane kunaanzia hapo. Wala kuuliza si kumtetea mwizi. Mwizi wa kweli ndiye anayefurahi mkimkamata mwingine.

Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu (namba 2267): adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hadhi ya mtu haipotei hata akitenda kosa kubwa. Na kwa Mpagi tunaona jambo la pili. Ukweli unaweza kuchelewa miaka 18. Ukishamnyonga mtu, hata ukifika haumkuti.

Mpagi alipotoka hakukaa kulipiza kisasi. Alirudi magerezani kuwatia moyo waliohukumiwa kifo, akapaza sauti adhabu hiyo ifutwe.

Basi juma hili, jina la mtu likichafuliwa mbele yako, usinyamaze. Hata kama msemaji ni mkubwa, uliza kwa adabu: "Shikamoo babu. Samahani, hilo tumelijuaje?"

Bwana Yesu, uliyehukumiwa kwa ushahidi wa uongo, linda midomo yetu. Amina.