Vijana wa Fundo, Zamu Yenu Saa Ngapi?

Kutoka Fundo hadi Wete ni safari ya mashua tu, lakini kijana wa kisiwani akitajiwa studio au jukwaa hujibu haraka kwamba hayo ni ya watu wa mjini. Jibu hilo nimelichoka. Mtu aliyesimama mbele ya moja ya bendi kubwa kabisa zilizopata kutoka Uingereza hakuzaliwa London. Alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake wa Kiparsi wakamwita Farrokh Bulsara. Baadaye dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, na bendi yake ni Queen.

Mnalijua jina. Shangani pana jumba lake la makumbusho tangu 2019, na watalii hawaishi kupiga picha mlangoni. Sisi wenyewe tunaishia hapo hapo, kujivunia alipozaliwa, kana kwamba kuzaliwa ni kazi. Kazi ilikuja baadaye, na ilikuwa ndefu, chafu na ya shida.

Najua wako watakaosema maisha yake si maisha yetu. Kweli, si yetu, na sikuiteni muyafuate. Nahodha hujifunza upepo kwa nahodha mwenziwe bila ya kumuuliza nyumbani kwake wanapika nini. Tazameni upepo.

Farrokh alipelekwa skuli ya bweni India akiwa mtoto wa miaka minane hivi, na huko huko, mwaka 1958, akapiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza na kuanza upya katika mtaa wa Feltham, pembezoni mwa London. Kijana yule alibeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza 1969, halafu akauza nguo kuukuu sokoni Kensington pamoja na rafiki yake, Roger Taylor. Usiku alikuwa akiimba. Bendi yake ya kwanza Uingereza ikavunjika, ya pili ikavunjika. Mwaka 1970 yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May wakaunda Queen, na nembo ya bendi akaichora mwenyewe, maana fani ya kuchora alikuwa nayo tayari.

Hebu sasa tulitazame gitaa la Brian May, kwa sababu hapa ndipo visingizio vinapokatika. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa skuli na gitaa zuri la umeme halikuwa kwenye uwezo wa nyumba yao. Yeye na baba yake wakaamua kulitengeneza. Shingo ilichongwa kutoka ubao wa mkangazi uliong'olewa kwenye meko ya zamani ya kuotea moto. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Alama za kuonesha vidole vikae wapi zilikuwa vifungo vya chaza, kutoka kwenye kisanduku cha kushonea cha mama yake. Iliwachukua kama miaka miwili, jioni baada ya jioni. Gitaa hilo ndilo mnalolisikia katika rikodi za Queen, na mwaka 2002 alilipiga juu ya paa la kasri la Buckingham. Vifungo vya chaza, jamani! Nani wa kuwaambia watu wa Fundo habari za chaza?

John Deacon, mpiga besi, aliingia 1971 akiwa na miaka 19 baada ya wapiga besi kadhaa kujaribiwa na kuachwa. Alikuwa akisomea elektroniki. Siku moja akaona vipande vya redio vimetupwa jalalani, akavibeba, akaviunganisha na spika kuukuu, akapata ampilifaya ndogo ambayo sauti yake imo ndani ya albamu zilizouzwa kwa mamilioni. Hakusubiri mfadhili.

Enzi zile Uingereza ilikuwa imejaa bendi za kumeremeta. Satini, wanja, viatu vya soli ndefu, vumbi la dhahabu usoni: ndio mtindo walioupa jina la glamu, na T. Rex na Slade walikuwa wakipokezana kileleni mwa chati. Queen nao walimeremeta kama wengine. Lakini nguo hununuliwa dukani na kila mtu. Mtindo ulipopita, bendi nyingi zilipita nao, na hawa wanne wakabaki. Walibaki kwa sababu chini ya satini palikuwa na mazoezi.

Na njaa pia. Albamu ya kwanza ilitoka Julai 1973 na haikutikisa nchi. Mwaka 1974, wakiwa ziarani Marekani kama bendi ya kutangulia tu, May akaugua homa ya ini na ziara ikakatwa. Hata baada ya wimbo wao "Killer Queen" kufika nafasi ya pili Uingereza, mkataba waliousaini uliwaacha mifuko mitupu; inasimuliwa kwamba Taylor aliombwa asipige ngoma kwa nguvu sana, maana fedha za kununua vijiti vipya hazikuwepo. Mnaonisoma mkiwa na kikundi cha miezi sita na tayari mmekata tamaa, hesabuni: 1970 mpaka mwisho wa 1975.

Ndipo ikaja "Bohemian Rhapsody". Sehemu ya katikati peke yake, ile ya sauti zinazopandana, ilichukua kama wiki tatu studio. Waliimba, wakaongeza sauti juu ya sauti, mpaka utepe wa kurikodia ukachakaa na kuanza kupitisha mwanga. Wakubwa wa kampuni wakasema wimbo wa dakika 5 na sekunde 55 redio haitoupiga. Hawakukata hata sekunde. Ulitoka 31 Oktoba 1975 na ukakaa nambari moja Uingereza wiki tisa.

Lakini ushupavu wa mtu mmoja si kitu ninachokitaka mkibebe kutoka kwao. Kibebeni hiki: wanne wale wale walikaa pamoja miaka 20. Vikundi vyetu, vya muziki, vya mwani, hata vya mpira, vinakufa wapi? Vinakufa kwenye hesabu. Nani kaandika, nani kapata, nani jina lake limetangulia. Queen waligombana vivyo hivyo, tena vikali. Taylor aliandika wimbo uliowekwa upande wa pili wa sahani ya "Bohemian Rhapsody", na kwa kuwa kila aliyenunua upande mmoja alinunua wa pili, mtunzi wake akavuna sawa na Mercury, na wengine wakanung'unika miaka. Hata hivyo hawakumnyamazisha mtu. Wote wanne walitunga na wote wanne wana nyimbo zilizovuma: May na "We Will Rock You", Taylor na "Radio Ga Ga", na yule Deacon mkimya, wa jalalani, ndiye aliyetunga "Another One Bites the Dust" iliyoshika nambari moja Marekani mwaka 1980. Mwaka 1989 wakauzika ugomvi kabisa: albamu nzima ya mwaka ule iliandikwa jina moja tu la mtunzi, Queen.

Si kila walichofanya kinasifika. Oktoba 1984 walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wasanii wa dunia walikuwa wametakiwa kuisusia. Waliadhibiwa na chama chao cha wanamuziki, na walistahiki. Wengi waliona wamekwisha. Mwaka mmoja haujapita, tarehe 13 Julai 1985, pale Wembley katika tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, walipewa dakika 20 hivi kama wengine. Tofauti ni kwamba wao walikodi ukumbi wakafanya mazoezi ya dakika hizo hizo kwa saa ya ukutani, wimbo baada ya wimbo. Watu 72,000 wakapiga makofi kwa pamoja kama mkono mmoja. Na bidii hiyo Mercury hakuiacha: alifariki 24 Novemba 1991 akiwa na miaka 45, na katika mwaka huo huo wa mwisho, mwili umekwisha nguvu, bado alikuwa akiingia studio kuacha sauti.

Kama mnaona Wembley ni mbali, rudini nyumbani. Siti binti Saad alitoka Fumba, kijiji cha pwani ya Unguja, akiuza vyungu kwa miguu, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirikodi taarab kwa Kiswahili. Hakuwa na simu mfukoni inayorikodi. Nyinyi mnayo. Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu 2002 na tamasha la Sauti za Busara tangu 2004. Pemba kuna msewe na dufu, mapigo ambayo bendi ya London haiwezi kuyaiga hata ikilipwa.

Basi leo usiku, vyombo vikishapanda pwani, mwenye sauti amtafute mwenye mkono wa ngoma. Anayejua kufungua redio iliyokufa aitwe, huyo ndiye Deacon wenu. Msichana anayeandika mashairi nyuma ya daftari la skuli aulizwe, na jina lake liandikwe kwenye wimbo alioutunga. Kaeni mgawane fedha kwa karatasi na saini kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Fanyeni mazoezi kwa saa, siyo kwa hamu. Mkiwa na nyimbo tatu zenu wenyewe, pandeni mashua, vukeni Wete, nendeni kwa mwenye ukumbi wowote, na msimuulize kama kuna nafasi. Muulizeni zamu yenu ni saa ngapi.